Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Haki: Kifungo Kisipimwe kwa Mfuko wa Mtu

Nairobi

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu, ambaye pia ni mwenyekiti wa Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki. Kwa Mwanasheria Mkuu. Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Na kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria ya Bunge la Taifa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mstaafu wa kazi ya probesheni, kazi iliyonipeleka kwa miaka mingi kati ya vizimba vya mahakama za jiji hili na nyumba za watu waliosimama vizimbani humo. Kwa wasioijua, kazi hiyo ni kumchunguza mshtakiwa au aliyetiwa hatiani kwa niaba ya mahakama: anaishi wapi na nani, anafanya kazi gani, majirani wanamwonaje, aliyekosewa anataka nini, kisha kumwandikia hakimu ripoti ya kumsaidia kuamua. Ripoti hiyo ina maana pale tu ambapo hakimu ana nafasi ya kuamua. Barua hii inahusu mahali ambapo nafasi hiyo haipo, au ipo kwenye karatasi lakini inamezwa na umaskini wa mshtakiwa, na ombi langu ni moja: adhabu nchini Kenya ipimwe kwa kosa lililotendwa na kwa mtu aliyelitenda, si kwa pesa alizo nazo wala kwa jina la shtaka peke yake.

Naanza na faini, kwa sababu ndiyo adhabu inayowapata watu wa kawaida kila siku ya kazi na ndiyo tunayoijadili kidogo zaidi. Aliyewahi kuketi Jumatatu asubuhi katika mahakama ya Makadara, ya Kibera au ya Milimani anaujua mstari ule wa waliokamatwa mwishoni mwa juma: mchuuzi asiye na leseni, kijana aliyelewa, mama muuza chang'aa, mwendesha bodaboda asiye na bima. Karani anasoma mashtaka, mshtakiwa anaulizwa kama ni kweli au si kweli, anajibu ni kweli, kiongozi wa mashtaka anaieleza mahakama kwamba hana rekodi ya makosa ya awali, na anapopewa nafasi ya kujitetea kabla ya hukumu hana la kusema zaidi ya kuomba asamehewe kwa kuwa ana watoto. Hukumu inatoka: faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Yote hayo huchukua dakika chache. Ni baadaye, mlango wa seli unapofunguliwa, ambapo hukumu hiyo moja hugawanyika ikawa mbili. Mwenye ndugu aliye na pesa kwenye simu analipiwa na kurudi nyumbani kabla ya saa kumi jioni. Asiye na mtu anaandikiwa hati ya kifungo na kupandishwa basi la magereza. Kosa lao ni moja, hakimu ni mmoja, maneno ya hukumu ni yale yale, na kilichowatenganisha hakikutajwa popote katika mwenendo wa kesi.

Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kina jedwali linaloeleza mtu akae ndani kwa muda gani anaposhindwa kulipa, pale ambapo sheria nyingine haijaeleza vingine. Faini isiyozidi shilingi 500, kifungo kisizidi siku 14. Hadi shilingi 2,500, mwezi mmoja. Hadi 15,000, miezi mitatu. Hadi 50,000, miezi sita. Na zaidi ya hapo, miezi 12. Lisomeni jedwali hilo mkimfikiria kibarua wa mjengo ambaye, tuseme, anapata shilingi 500 siku anazobahatika kupata kazi. Faini ya shilingi 20,000 ni jasho lake la siku 40, bila kula, bila kodi ya nyumba na bila nauli. Akitozwa 15,000 anaweza kukaa ndani hadi miezi mitatu. Ikiongezwa shilingi mia moja tu, ukomo unaruka hadi miezi sita. Na ukishavuka 50,000 jedwali halina ngazi nyingine, kwa hivyo aliyeshindwa kulipa 60,000 na aliyeshindwa kulipa milioni moja wamewekewa ukomo ule ule wa mwaka mmoja. Hakuna mstari hata mmoja katika jedwali lote unaouliza mtu huyu anaingiza kiasi gani kwa mwezi.

Najua mtanijibu kwamba Mwongozo wa Sera ya Utoaji Adhabu, uliotolewa na Idara ya Mahakama mwaka 2016 na kupitiwa upya mwaka 2023, unazingatia jambo hilo. Ni kweli: mwongozo wa 2016 unataka uwezo wa mtu uangaliwe anapotozwa faini. Lakini katika kesi za makosa madogo mshtakiwa kwa kawaida hana wakili wa kumkumbusha hakimu, ripoti ya probesheni haiitishwi kwa kuwa mstari ni mrefu, na hakimu, ambaye simlaumu, hutoza kiwango ambacho mahakama imezoea kutoza kwa kosa la aina hiyo. Mabadiliko madogo sana yangesaidia hapa. Hakimu awajibike kuandika katika mwenendo wa kesi, kabla ya kutaja faini, kwamba mtu huyu anapata kiasi fulani na ataweza kulipa kwa muda fulani. Sentensi mbili zingetosha, na mahakama ya rufaa ingekuwa na kitu cha kuangalia.

Kuna desturi ambayo sote tunaijua na tumeizoea kiasi cha kutoiuliza maswali. Krismasi inapokaribia, na hata nyakati nyingine za mwaka, makanisa, vyama vya akina mama na watu wa mapenzi mema huingia magerezani na kuwalipia faini wafungwa wa makosa madogo, na wafungwa hao huachiliwa. Nawashukuru kwa moyo wangu wote wanaofanya hivyo, kwa maana nimewaona akina mama wakilia langoni. Lakini ikiwa shilingi elfu tano za mtu asiyemfahamu zinatosha kumtoa mama huyu gerezani leo mchana, basi jana alikuwa amefungwa kwa ajili ya usalama wa nani? Hakuwa hatari kwa mtu yeyote, la sivyo tusingemwachilia kwa elfu tano. Hakuwa akirekebishwa, kwa sababu wiki chache hazitoshi kumfundisha mtu kazi ya mikono. Alikuwa amewekwa rehani, na watoto wake walikuwa wakilala kwa jirani kwa ajili ya deni ambalo serikali yenyewe inatumia zaidi kumlisha na kumlinda kuliko ilivyotaka kupokea kwake.

Njia nyingine tunayo tayari. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kumwamuru mtu afanye kazi ya umma bila malipo ikiwa kosa lake lina kifungo kisichozidi miaka mitatu, au hata kama kinazidi, ikiwa mahakama inaona miaka mitatu au pungufu inatosha. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu aliyetiwa hatiani aachiliwe bila adhabu, kwa masharti au bila masharti. Nimewasimamia watu wa huduma kwa jamii wakizibua mitaro, wakifyeka nyasi za zahanati, wakipaka rangi madarasa ya shule za msingi, na jioni wakirudi kwao kupika. Wengi wao walimaliza saa zao, na baadhi ya walimu wakuu waliniuliza kama wangeweza kubaki na fundi yule hata baada ya amri kwisha. Ninachoomba ni utaratibu ugeuzwe: anayeshindwa kulipa faini ya kosa dogo apewe muda, alipe kwa awamu, na akishindwa kabisa apelekwe kwenye huduma kwa jamii, na gereza libaki kwa yule aliyekataa yote hayo kwa ukaidi. Hilo litahitaji Bunge kurekebisha kifungu cha 28 na kutenga pesa za kuajiri maafisa wa kutosha, kwa sababu amri ya huduma kwa jamii isiyo na afisa wa kuifuatilia ni karatasi tu, na mahakimu wakiona hazifuatiliwi wataacha kuzitoa.

Rumande ni jambo zito zaidi, maana waliomo bado hawajapatikana na hatia. Zaidi ya theluthi moja ya watu walio katika magereza yetu ni mahabusu wanaosubiri kesi zao. Ibara ya 49 ya Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana, kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuilia. Na ibara hiyo hiyo inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai nayo inasema kiwango cha dhamana kisipite kiasi. Kinachotokea ni kwamba mahakama inatoa dhamana, inaandikwa kwamba mshtakiwa amepewa dhamana, haki yake inahesabiwa kuwa imetekelezwa, na mtu mwenyewe anabaki katika gereza la rumande la Industrial Area mwezi baada ya mwezi kwa sababu bondi ni shilingi 200,000 na mdhamini wa kiasi hicho hicho.

Nilipata kwenda Mukuru kwa Njenga kuandaa ripoti ya dhamana ya kijana aliyeshtakiwa kwa kuiba spea za pikipiki pale alipokuwa kibarua. Mama yake alitoa bahasha ya kaki chini ya godoro, akazipanga karatasi zake kitandani moja baada ya nyingine: cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, barua ya chifu yenye muhuri, daftari la chama chao lenye akiba yake ya kila juma, na nakala ya logibuku, yaani hati ya umiliki, ya pikipiki ya shemeji yake, ambayo bado ilikuwa na mkopo. Akaniuliza ni ipi kati ya hizo ambayo mahakama ingeikubali. Hakukuwa na hata moja. Kilichotakiwa kilikuwa hatimiliki ya ardhi au logibuku isiyo na deni, na wenye vitu hivyo hawakuwa wakiishi katika nyumba ile wala katika nyumba zilizoizunguka. Hata akipatikana mjomba wa mashambani mwenye shamba, ni lazima asafiri, ahojiwe, hatimiliki ikaguliwe, na kila hatua ni nauli nyingine na siku nyingine ya kesi kutajwa. Na lile daftari la chama, ambalo mahakama haikuwa na haja nalo, ndilo lililonieleza zaidi kuhusu familia ile: wanawake 20 waliomfahamu kijana yule tangu utoto, na ambao wangejua kabla ya polisi iwapo angejaribu kutoroka.

Anayekaa ndani kwa namna hiyo hujifunza haraka. Wenzake humweleza kwamba aliyekiri wizi mdogo juma lililopita alipewa kifungo cha nje na kwenda zake, ilhali yeye anayeshikilia kwamba hakuiba bado anamsubiri shahidi ambaye kila siku ya kesi hafiki. Baadhi yao hubadilisha jibu. Nimeketi na watu waliokwisha kukiri mbele ya hakimu ambao walinieleza, nikiwa nimewajia kwa ajili ya ripoti ya hukumu, kwamba hawakutenda kosa lile ila walikuwa wamechoka kukaa. Afisa anapoandika hivyo katika ripoti yake, hakimu makini hulifuta jibu lile na kesi hurudi mwanzo. Na kurudi mwanzo maana yake ni kurudi rumande. Waheshimiwa, hili ndilo linaloniumiza kuliko yote niliyoyaona kazini. Mfumo unaomfanya mtu asiye na hatia aone kwamba kusema ukweli kutamgharimu mwaka, na kusema uongo kutamrudisha nyumbani leo, umeshindwa katika kazi yake ya kwanza, hata kama kila afisa ndani yake ametimiza wajibu wake.

Dawa ya hili haihitaji sheria mpya. Mwongozo wa Sera ya Dhamana na Bondi umekuwapo tangu 2015, na Jaji Mkuu anaweza kutoa maelekezo ya utendaji. Mtu yeyote ambaye siku 14 zimepita tangu apewe masharti ya dhamana na bado hajatoka, faili lake lirudi mbele ya hakimu lenyewe, bila kungoja ombi la wakili ambaye hayupo, na hakimu aulize jambo moja tu: kwa nini mtu huyu bado yuko ndani? Ikiwa jibu ni umaskini, masharti yabadilishwe siku hiyo. Mwajiri, kiongozi wa dini, mwenyekiti wa chama, mzazi mwenye makao yanayojulikana, hawa wakubaliwe kuwa wadhamini wa kumleta mtu mahakamani, kwa kuwa lengo la dhamana ni mtu afike siku ya kesi.

Raia wa jiji hili wanapomwona mshtakiwa wa mamilioni ya fedha za umma akitoka kwa dhamana siku ile ile aliyosomewa mashtaka, hukasirika na kutaka dhamana kama hizo zifutwe. Naielewa hasira hiyo, lakini sikubaliani nayo. Yule mshtakiwa anadhaniwa kuwa hana hatia, na anastahili kutoka. Ninachotaka ni mlango huo huo ufunguke kwa kijana wa spea za pikipiki.

Katika makosa makubwa tatizo linabadilika sura. Huko kinachomnyima hakimu nafasi ya kupima ni jina la shtaka, na mfano mbaya kuliko yote ni wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu. Kifungu hicho kinatimia ikiwa mwizi alikuwa na silaha ya hatari, au alikuwa pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au alimjeruhi au kumpiga aliyeibiwa. Sharti moja kati ya hayo linatosha, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Fikirieni vijana wawili wa miaka 19 wanaomzuia mtu katika kichochoro cha Eastleigh usiku, mmoja akamshika kwa nguvu na mwingine akachukua simu, pasipo kisu wala damu. Kwa kuwa walikuwa wawili, adhabu yao ni kifo. Fikirieni kisha genge lenye bunduki linalovunja nyumba na kumwacha mwenye nyumba akiwa kilema wa maisha. Adhabu ni hiyo hiyo. Hata aliyejaribu akashindwa, chini ya kifungu cha 297(2), amewekewa kifo. Sheria hii ilikazwa miaka ya mwanzo ya 1970, na tangu wakati huo jaji au hakimu anayesikiliza kesi ya vijana wale wawili hana nafasi ya kuweka tofauti wanayoiona wote waliomo mahakamani.

Mahakama zenyewe zimehangaika na jambo hili, na kuhangaika kwao kumewagharimu watu. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ilisema, katika kesi ya Mutiso, kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji haipatani na Katiba. Mwaka 2013, katika kesi ya Mwaura, mahakama hiyo hiyo ikageuza msimamo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilisema kwamba vifungu vya wizi wa mabavu havitofautishi vya kutosha viwango vya uzito wa kosa, ikatoa miezi 18 ili virekebishwe. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji bila kusikiliza maelezo ya aliyetiwa hatiani ni kinyume cha Katiba. Baada ya uamuzi huo wafungwa wengi, wakiwamo wa wizi wa mabavu, walirudi mahakamani kuhukumiwa upya, na baadhi yao walipewa miaka inayohesabika au wakaachiliwa kwa muda waliokwisha kutumikia. Kisha tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Aliyebahatika faili lake kusikizwa mapema alikuwa amekwenda nyumbani. Mwenzake wa seli moja, wa kosa lile lile, ambaye faili lake lilichelewa kwa sababu za ofisini, alifungiwa mlango. Siilaumu Mahakama ya Juu kwa kubaki ndani ya mipaka ya kesi iliyokuwa mbele yake. Nawalaumu, kwa heshima zote, Waheshimiwa wabunge, ambao kazi ya kuandika viwango vya kosa hili ni yao, na ambao kimya chao ndicho kilichowaachia majaji kazi isiyo yao.

Mtasema kwamba hakuna anayenyongwa Kenya. Ni kweli kwamba hakuna aliyenyongwa tangu 1987, na kwamba Rais Kibaki mwaka 2009 alibadilisha hukumu za kifo za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha, Rais Kenyatta akafanya hivyo kwa watu 2,747 mwaka 2016, na Rais Ruto akafanya hivyo mwaka 2023. Nashukuru kwamba walifanya hivyo. Lakini tazameni kilichompata yule kijana wa simu katika safari hiyo yote. Mahakamani hakupimwa, kwa sababu sheria ilikataza. Ikulu hakupimwa, kwa sababu kalamu ilipita juu ya majina yote kwa pamoja, la mnyang'anyi wa bunduki na la kijana wa simu, na wote wakatoka na kifungo cha maisha. Anaweza kuzeeka katika gereza la Kamiti au la Naivasha bila mtu yeyote mwenye mamlaka kuwahi kuketi na faili lake na kuuliza, huyu alifanya nini hasa, alikuwa na umri gani, na amekuwa mtu wa namna gani tangu hapo. Ombi langu ni vifungu vya 295 hadi 297 viandikwe upya kwa viwango vinavyoeleweka, kuanzia unyang'anyi usio na silaha wala jeraha hadi ule wa bunduki na umwagaji damu. Adhabu ya lazima iondolewe. Na kila aliyefungwa chini ya sheria ya zamani asikilizwe upya kuhusu adhabu yake, ripoti ya probesheni ikiwa mezani na aliyeibiwa akiwa amepewa nafasi ya kusema.

Kuhusu makosa ya kingono dhidi ya watoto sina mengi. Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2024 kwamba adhabu za chini zilizowekwa na Bunge katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ni halali, na baada ya kuwahoji watoto waliodhulumiwa na watu wazima waliowaamini sitaandika neno la kulegeza ulinzi wao.

Lipo jambo dogo la karatasi ambalo linaiba miaka ya watu. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka muda ambao mtu alikaa rumande uzingatiwe katika kifungo chake. Hata hivyo hukumu nyingi husomwa bila muda huo kutajwa, hati ya kifungo huandikwa kuanzia siku ya hukumu, na mfungwa hulazimika kuandika ombi kwa mkono na kulituma Mahakama Kuu ili miaka yake miwili au mitatu ihesabiwe. Wanaojua kuandika huandika; wasiojua hutumikia mara mbili. Fomu ya hati ya kifungo iongezewe mstari wa tarehe ya kukamatwa na siku alizokaa rumande, na karani asigonge muhuri ikiwa mstari huo uko wazi. Hilo linaweza kufanyika mwezi huu.

Najua pia jiji hili lina hofu. Nimeketi na walioibiwa: mhudumu wa hoteli aliyenyang'anywa mshahara wa mwezi mzima akitoka kazini, mzee aliyevunjwa mkono kwa ajili ya simu ya bei ya chini. Sitaki mtu asome barua hii akidhani nimewasahau. Walichoniomba kwa kawaida kilikuwa ni kurudishiwa kitu chao, kulipiwa hospitali, na kuhakikishiwa kwamba mtu yule hatawarudia; na katika hayo matatu, kifungo kirefu huwapa la tatu tu, kwa muda. Sheria inaruhusu mahakama kuagiza fidia, na Ibara ya 159 ya Katiba inahimiza upatanisho, lakini mtu aliyefungwa kwa kukosa faini hawezi kumlipa mtu yeyote. Kumwachia kazi yake na kumtaka amlipe aliyemkosea kwa awamu, chini ya macho ya afisa, kunamfaa aliyeibiwa kuliko kumwona akiingia basi la magereza. Na anayevizia vichochoroni usiku haogopi jedwali la Kanuni ya Adhabu ambalo hajawahi kulisoma. Anaogopa kukamatwa, na akiamini kwamba hatakamatwa, miaka 10 na miaka 40 kwake ni sawa.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Baraza mnaloliongoza na majaji wa Mahakama Kuu walipitia upya vifungo vya makosa madogo na kuwaachilia maelfu ya wafungwa katika majuma machache, kwa kuwa magereza yalikuwa yamejaa kupita uwezo wake. Kwa hivyo najua kazi hii inawezekana, maana nimeiona ikifanyika kwa haraka pale mlipoona ulazima.

Naomba basi Baraza lianze na orodha. Kila kituo cha mahakama Nairobi, kwa ushirikiano na magereza, kitayarishe kila baada ya miezi mitatu idadi ya watu walio ndani kwa kushindwa kutimiza dhamana na idadi ya walio ndani kwa kushindwa kulipa faini, kikionyesha kiasi wanachodaiwa na muda waliokwisha kukaa, na orodha hiyo iwekwe mbele ya Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ya kituo hicho na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, bila majina. Makadara na Kibera wanaweza kutangulia. Mimi, pamoja na wastaafu wenzangu tuliobaki jijini, tuko tayari kusaidia kuipitia orodha ya kwanza bila malipo, mara tu mtakapotuita.

Wenu kwa heshima,

Afisa mstaafu wa probesheni
Nairobi